Toa Mara Mbili

Mwaka huu nina wanafunzi hamsini na wanane katika darasa moja, na arobaini kati yao wanaandika neno la Kifaransa aire bila E ya mwisho. Naomba mtu aniambie nilimkosea Mungu wapi.

Niwaeleze wasiojua. Huku Lubumbashi hesabu tunaifundisha kwa Kifaransa, hata kama maelezo, ugomvi na vicheko vyote ni vya Kiswahili. Eneo la uso wa kitu, yaani ukubwa wa ngozi yake yote ya nje, kwa Kifaransa ni aire. Hewa ni air. Maneno hayo yanatamkwa sawasawa kabisa. Tofauti ni herufi moja tu, imesimama nyuma kama mtu aliyechelewa misa, na haisemi kitu. Basi mtoto anaandika anachosikia. Mimi nafungua daftari lake, nakuta kwa mwandiko mzuri, umepigiwa hata mstari kwa rula, kwamba leo tunatafuta hewa yote ya silinda. Ipime basi, mwanangu. Ijaze kwenye chupa uniletee.

Na hiyo ni silinda peke yake. Tukifika kwenye maumbo yaliyounganishwa, koni juu ya silinda, sanduku dogo juu ya sanduku kubwa, ndipo natamani kuacha chaki nikauze makala, yaani makaa, sokoni. Kila mwaka nabeba mbabula yangu kutoka nyumbani, lile jiko letu la makala, naiweka juu ya meza ya darasa, nachafua blauzi. Nawaonyesha: karai la juu limekaa juu ya kiti chake. Hapo vinapogusana kuna uso uliofichwa. Uso huo hauko tena nje, hauhesabiwi. Uutoe kwa umbo la juu, kisha uutoe na kwa umbo la chini. Wao wanautoa mara moja, wanapumzika, wanaona kazi imekwisha. Mara mbili! Nimelia na neno hilo miaka ishirini, mpaka wamenibatiza. Nikipita barabara za Katuba na mfuko wangu wa madaftari, nasikia nyuma: "Madame Mara Mbili anapita." Nikigeuka, kila mtu anatazama mawingu.

Mwaka huu, mwezi wa pili wa masomo, nilimwita ubaoni msichana mmoja wa dawati la nyuma, mrefu, mpole, asiye na makelele. Nilikuwa nimekwisha kusahihisha madaftari thelathini yenye hewa ndani yake, na kichwa kinanigonga. Nikamuuliza aire ni nini.

"Madame, ni fasi yenye hewa inafika," akasema, na fasi kwetu ni mahali. "Fasi yenye haifike, hatuhesabu."

Darasa lilicheka. Nilichukua daftari lake, nikaandika sifuri kubwa kwa wino mwekundu, nikamwambia arudi akakae. Hesabu yake sikuitazama hata kidogo. Nilimpa sifuri kwa sababu sentensi hiyo nilikuwa nimekwisha kuisikia mara moja maishani, na nilidhani nimeizika.

Baba yangu alikuwa mpaka rangi wa mabehewa. Babu alitoka Mitwaba kuja kutafuta kazi ya reli, baba akazaliwa kwenye nyumba za kambi ya wafanyakazi, naye akaingia karakana ile ile na kutoka humo akiwa na mvi. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kahawia ya mabehewa hata Jumapili, hata alipopokea komunyo. Kifaransa chake kilikuwa cha kazini: majina ya rangi, aliyoiita kuleri, majina ya brashi, na maneno anayoyasema mkubwa akikasirika. Lakini akipenda kusaidia, huwezi kumzuia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulipewa kazi ya nyumbani: umbo la sanduku lenye silinda iliyosimama juu yake, tutafute aire yote. Nilimkuta baba ameketi mlangoni, amevua viatu, nikamuuliza neno hilo maana yake nini. Alifurahi mno kuulizwa. Alifuta mikono kwenye suruali, akalishika daftari, kaye kwa lugha yake, kwa ncha za vidole asilichafue.

"Air njo hewa, mama," akaniambia. Mabinti wote aliwaita mama. "Banataka ujue fasi hewa inafika. Njo pale siye tunapakaka kuleri. Chuma ikilala juu ya chuma, pale hewa haifike, kutu haifike, sasa kuleri ya nini? Hesabu fasi ya hewa tu, utamaliza."

Tukahesabu pamoja fasi ya hewa, yeye akinionyesha kwa sanduku la kiberiti na betri ya redio. Na kwa kuwa sanduku la kiberiti lilikuwa limekaa juu ya stuli, chini yake hewa haikufika, tukaacha na upande huo. Niliandika maelezo yake yote kwenye daftari, kwa Kifaransa nilichokuwa nacho, bila E.

Mwalimu wangu alikuwa bwana mmoja aliyefunga tai hata kwenye joto la Oktoba. Aliyasoma maelezo ya baba mbele ya darasa, polepole, akisimama baada ya kila neno ili watu wapate nafasi ya kucheka. Kisha akasema labda baba yangu anauza hewa. Nilipata sifuri, na mpaka mwisho wa mwaka jina langu shuleni likawa Mutoto ya Hewa.

Nilirudi nyumbani nikamwekea baba daftari mezani, wazi, sifuri ikimtazama.

"Papa, haujue Kifaransa," nikamwambia. "Unanipatisha haya."

Aliitazama sifuri ile. Akasema, "Bon," yaani sawa. Kisha akaenda kunawa mikono, aliyokuwa amekwisha kuinawa.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena kitu cha shule. Naye hakunisogelea nikiwa na daftari. Nikasoma, nikaingia chuo cha ualimu, nikawa mwalimu wa hesabu, na sitaki kudanganya: sehemu kubwa ya hasira yangu juu ya ile E ilianzia kwenye meza ile.

Baba alikufa mwaka uliopita, mvua zilipoanza. Alituachia nyumba ya Katuba, redio isiyoshika kitu, na vigae. Vigae vile ni hadithi peke yake. Aliponunuliwa saa ya kustaafu na wenzake, yeye mwenyewe alinunua vigae mia moja na sitini, vyeupe, kila kimoja na ua dogo la buluu pembeni, ajengee bafu. Bafu halikujengwa kwa sababu maji ya bomba hayakufika kamwe upande ule wa nyumba. Katoni zikakaa chini ya kitanda chake miaka yote. Ukifagia, unazizunguka. Mgeni akitaka kuivuta moja aikalie, baba anamletea kiti. Siku hizi aina hiyo haitengenezwi tena. Nimezunguka maduka yote ya mjini na kigae kimoja mkononi, na wauzaji wananitazama kama mtu anayeulizia bei ya mwaka jana.

Mama alikuwa ameamua, na mama akiamua imeamuliwa. Kaburi la baba litafunikwa na vigae vya baba, lote, bila kuchanganya na vingine. Na litakuwa tayari Jumamosi ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, kwa sababu ndugu wanashuka kutoka Mitwaba siku mbili njiani juu ya lori, na hawawezi kukuta saruji tupu.

"Weye njo mwalimu ya hesabu," akaniambia Jumatano ya wiki ile ile niliyompa yule msichana sifuri. "Utuambie kama makaro itaenea."

Makaro ndivyo tunavyoita vigae, na kuenea, kwetu, ni kile wanachosema watu wa pwani kwa neno kutosha. Nikaenda makaburini na mita yangu. Fundi mwashi, mzee mmoja wa Kasungami anayekuja na baiskeli, alikuwa amekwisha kujenga na kupiga lipu. Kaburi lilikuwa na maumbo matatu, moja juu ya jingine. Chini, sanduku kubwa: urefu vigae kumi, upana vitano, kimo viwili. Juu yake sanduku dogo katikati: urefu vigae vinane, upana vitatu, kimo kimoja. Na juu ya hilo, upande wa kichwa, bamba la kusimama la kuandikia jina: upana vigae vitatu, unene kimoja, kimo vitatu. Umbo la kuunganishwa, safi kabisa, kama nililotoa kwenye mtihani wa muhula uliopita.

Nilirudi kwa mama, nikakaa mezani, nikafanya kazi yangu kama mtu aliyesoma. Kila umbo peke yake. Chini ya kila moja sikuhesabu, kwa sababu hakuna anayebandika kigae mahali pasipo nje. Sanduku kubwa: mia na kumi. Sanduku dogo: arobaini na sita. Bamba: ishirini na saba. Jumla mia moja themanini na tatu. Tuna mia na sitini. Vinapungua ishirini na tatu.

Nilirudia mara tatu. Hesabu haioni huruma.

"Haienee, mama," nikasema. "Tuache ubavu wa nyuma, ule unaotazama ukuta wa makaburi. Hapo ni ishirini. Na vitatu vya juu ya bamba. Fundi apake saruji nyeupe. Nani ataona?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

"Yeye," akasema.

"Mama, mfu haoni."

"Miaka yote alilala juu ya ile makaro. Sasa alale ubavu wazi? Ndugu zake banakuya toka Mitwaba, bazunguke nyuma, baone mimi nimemufunika nusu?"

Nilimweleza tena. Nilimchorea. Nilimwonyesha kuzidisha na kujumlisha kwenye karatasi, mimi ninayelipwa kufanya hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama siwezi kupunguza kidogo upande wa hesabu. Nikamwambia hesabu si mchuzi unaoongezwa maji. Akarudia mchele wake, na niliona anafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa, na hasira haikuwa juu yake. Miaka ishirini ya hesabu, na kitu cha kwanza ambacho mama ananiomba nikihesabu, jibu lake linamliza.

Alhamisi nikampigia fundi simu nimpe maagizo: ubavu wa nyuma aache.

"Inaenea, Madame," akasema.

"Umehesabu?"

"Apana. Niliona."

Niliona! Nilitaka kuitupa simu. Kama wanafunzi wangu wangejibu hivyo kwenye mtihani wa serikali, niliona, tungefunga shule zote tukalime mihogo. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu, nimepima kwa mita, nimehesabu mara tatu. Akasema, "Sawa, Madame," kwa sauti ile ya watu wanaosema sawa na kuendelea na mambo yao, na nikamsikia anaimba wimbo wa kanisa kabla hajakata.

Ijumaa baada ya masomo nilipita kumchukua mama, tukaenda makaburini. Katoni zilikuwa zimekwisha kuletwa kwa mkokoteni, nane, moja juu ya nyingine chini ya kivuli cha ukuta. Na fundi yuko wapi? Nyuma ya kaburi. Ameanza na ubavu wa nyuma! Ule ule nilioagiza aache, na sasa una vigae ishirini, vimenyooka, maua ya buluu yote yametazama upande mmoja.

Mama alipiga kelele ya furaha kidogo, akajifunika mdomo. Mimi nilipiga nyingine.

"Sasa mbele itakuwaje? Umevimaliza nyuma, mbele utaweka nini? Ndugu wanafika kesho! Kesho!"

Yule mzee aliweka mwiko chini, akafuta mikono. Hakuna kinachokera kama mtu asiyekasirika wakati wewe umekasirika.

"Hesabu yako iko muzuri, Madame," akasema. "Ila haukutosha."

Huku kwetu kutosha ni kuondoa. Mtu anatosha viatu mlangoni. Lakini nimesoma na Kiswahili cha vitabu, na katika kile kutosha ni kufika kiasi kinachotakiwa. Maana zote mbili ziliniingia kwa pamoja.

"Nimetosha!" nikamfokea. "Chini ya kila moja nimetosha!"

"Umetosha mara moja."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilimtazama kama vile wanafunzi wangu wanavyonitazama.

"Kuya hapa," akasema. "Weka mukono. Uipitishe fasi yote yenye inafika."

Mama alikuwa amesimama na pochi yake kifuani, ananitazama. Niliweka mkono kwa sababu yake, si kwa sababu ya yule mzee. Nilianza na ubavu wa mbele, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: ishirini mbele, ishirini nyuma, kumi miguuni, kumi kichwani. Sitini. Nikapandisha mkono juu ya sanduku kubwa, kwenye ile ngazi nyembamba inayozunguka. Nikausukuma mkono ndani, na vidole vikagonga. Sanduku dogo lilikuwa pale. Nilikuwa nimehesabu juu ya sanduku kubwa vigae hamsini kamili, kana kwamba hakuna kitu kilichokaa juu yake, na mkono wangu uliishia kwenye upana wa kigae kimoja.

"Pale hewa haifike," fundi akasema. "Fasi hewa haifike, haina karo."

Nilibaki na mkono pale. Nilisikia rangi ya mabehewa puani, kwenye makaburi, saa tisa ya mchana, mahali palipokuwa na harufu ya saruji peke yake. Ni nani alimfundisha mzee huyu? Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya kuuliza. Akashangaa. Akasema hakuna, ni kazi.

Nikaendelea kuhesabu, polepole. Ngazi nzima, ishirini na sita. Mbavu zote nne za sanduku dogo, ishirini na mbili. Juu yake, tukitosha pale bamba liliposimama, ishirini na moja. Bamba, ishirini na saba. Mia moja hamsini na sita.

Tulikuwa na mia na sitini.

Mama hakuelewa namba, alielewa uso wangu.

"Inaenea?"

"Inaenea, mama. Na ine inabaki."

Akaketi juu ya jiwe, akacheka, kisha akalia, kisha akatafuta leso kwenye pochi na hakuipata. Nilimpa yangu. Mimi, Madame Mara Mbili, niliyevunja chaki kwa ajili ya kosa hilo, nilikuwa nimelifanya juu ya kaburi la baba yangu, na kwa kosa hilo nilikuwa nimemliza mama siku mbili. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipa sifuri. Na kanuni iliyoniokoa ilikuwa ile ile niliyoitia aibu mezani nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwa kazi ya shule ilikosea uso mmoja, ule wa chini. Kwa behewa na kwa kaburi haikosei kitu, kwa maana hakuna anayebandika kigae juu ya udongo.

Fundi alifanya kazi mpaka jua likapungua. Nilimpa vigae mkononi, kimoja kimoja, sikusema neno, na hilo lilimfurahisha kuliko hesabu yangu. Tulipofika katoni ya nane, ile iliyokuwa chini kabisa, nikatoa vigae vya mwisho, nikaipindua nione kama hakuna kilichobaki. Chini yake, upande uliolala sakafuni chini ya kitanda miaka yote, palikuwa na maandishi ya brashi, kwa rangi ya kahawia ya mabehewa.

AIRE DOUCHE 160.

Eneo la bafu. Herufi zilikuwa za baba, nene na zimesimama vizuri kama namba za behewa. E ya aire ilikuwa kubwa kuliko zote, imepigiwa mistari miwili chini.

Nilimpelekea mama katoni. Hasomi Kifaransa, lakini mwandiko aliutambua.

"Ile E," nikasema. "Nani alimwambia kuna E?"

"Kaye zako," mama akasema, bila kushangaa. "Ulikuwaka unakwenda katekismu siku ya Jumamosi, yeye anafungua kaye zako. Zote alisoma. Hata za chuo, hata zenye hakuelewa."

"Kwa nini?"

Mama alikunja leso yangu mara nne, akaipapasa.

"Alisemaka siku utamuuliza tena, asikupatishe haya."

Fundi alikuwa anabandika kigae cha mwisho juu ya bamba, na anaimba. Nilichana chini ya katoni, nikaiweka kwenye mfuko wangu wa madaftari. Vile vigae vinne mama alivifunga kwenye kitenge, akasema vya kwake hivyo, nivitunze. Nikamwambia vinne havitoshi kaburi. Akasema, "Utahesabu. Ila uanze na kuuliza fundi."

Jumamosi ndugu wa Mitwaba walizunguka nyuma, kama alivyosema. Walikaa huko muda mrefu kuliko mbele.

Jumatatu nilimwita yule msichana mrefu wa dawati la nyuma. Nikafungua daftari lake, na safari hii nikatazama hesabu. Umbo lilikuwa koni juu ya silinda, na alikuwa ametoa mara mbili. Darasa zima watu sita tu walitoa mara mbili, na mmoja wao nilimpa sifuri. Nikaifuta sifuri, nikampa alama zake, nikawaambia wote, kwa Kiswahili, mbele ya mbabula yangu, kwamba alichosema kilikuwa kweli: hesabu mahali hewa inapofika. Kisha ongeza chini, kwa sababu mtihani wa serikali unataka na chini. Nikawaambia aliyenifundisha ni mpaka rangi wa mabehewa. Walielewa. Niliona wanaelewa, macho yanafunguka dawati kwa dawati, jambo ambalo sikuliona miaka ishirini.

Sasa mtakisia kilichotokea. Ijumaa nilikusanya madaftari. Hesabu nzuri, nyuso zilizofichwa zimetolewa mara mbili, silinda safi, koni safi. Na hamsini na watatu wameandika air. Hamsini na watatu! Zamani walikuwa arobaini. Hata wale waliokuwa wanaiweka E wameiondoa, kwa sababu Madame amesema ni hewa. Nililaza kichwa juu ya meza.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza kuongeza E, daftari baada ya daftari, kubwa kuliko herufi nyingine, na mistari miwili chini yake. Alama sikumtoa mtu hata moja.